Tanga iliwahi kuwa na benki yake, leo tuna matawi tu. Katikati ya mji tulikwamia wapi?

#1 KijanaWaChuda

Wakuu salaam.

Mwaka 1911 Wajerumani walianzisha benki iliyoitwa Handelsbank für Ostafrika, na kituo chake huku kilikuwa Tanga, si Dar. Dar kulikuwa na Deutsch-Ostafrikanische Bank ya 1905, ile iliyopewa ruhusa ya kutoa noti za rupia. Kwa hiyo kabla ya vita vya kwanza koloni lilikuwa na benki mbili za kutajika, na moja ilikuwa yetu.

Leo toka sokoni, pita Bank Street, tokea Independence Avenue: ni matawi matupu. Mkopo wa maana lazima faili liende Dar. Na majengo ni yaleyale, ghorofa moja, mbili, tatu za enzi za mkoloni. Rangi imebabuka, juu wamejaa kunguru, chini frem za vocha na vitenge. Arusha wamejenga, Mwanza wamejenga, Dodoma ndiyo usiseme.

Dai langu: tulikwama tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipotangaza benki zote ni mali ya umma. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

#2 Barabara ya Saba

Waja leo waondoka leo. Mimi nimevuta mkeka, endeleeni.

#3 MwanaMkonge

Umeanza vizuri ukaishia pabaya, mkuu. Benki hazikuja hapa kufuata upepo wa bahari, zilifuata mkonge. Miche aliyoagiza Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ilifika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Sasa piga picha mishahara ya mashamba yote ya Muheza, Korogwe mpaka Mombo. Pesa ile yote taslimu, sarafu na noti ndogondogo, ilichotwa hapa mjini kila mwisho wa mwezi. Marehemu babu alikuwa karani wa shamba upande wa Ngomeni, alikuwa anasema siku ya kufuata mshahara wanapanda Landrova na askari mmoja, wanarudi wamekalia mifuko ya sarafu kwa sababu viti vimejaa.

Hiyo ndiyo iliyojenga Bank Street. Ikaja kamba ya plastiki, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 90 hata tani 30,000 ilikuwa mbinde. Benki zingetaifishwa zisingetaifishwa, mteja alishakufa.

#4 KijanaWaChuda

#3 Mashamba nayo mengi yalichukuliwa 1967 hiyohiyo, yakapewa shirika la mkonge la serikali. Umenisaidia hoja.

#5 MwanaMkonge

Bei ilianza kuanguka baada ya 1964. Hesabu miaka vizuri.

#6 Msomi wa Raskazone

Marekebisho mawili, halafu nasikiliza.

La kwanza, hiyo Handelsbank makao yake yalikuwa Berlin. Kuiita "yetu" ni ukarimu. Ilikuja wakati walowezi wa Usambara wamelewa bei ya mpira, na bei hiyo ikaanguka 1913, wengi wakang'oa miti. Mwaka uliofuata vita. Maisha yake hapa yalikuwa mafupi mno. Na babu zetu wa Kidigo na Kibondei hawakuwa wateja wa kaunta ile. Kazi waliyokuwa nayo humo ni kubeba masanduku.

La pili, nimeona watu mitaani wanasema "Standard Chartered ilitaifishwa 1967". Jina hilo halikuwepo. Iliyotaifishwa ni Standard Bank, ambayo mpaka 1962 iliitwa Standard Bank of South Africa. Iliungana na Chartered mwaka 1969, ikiwa imeshaondoka kwetu. Ikarudi Tanzania 1993 na jina jipya. Vilevile "Grindlays" ya wazee wetu ni National Bank of India, ile iliyokuwa Zanzibar tangu 1892. Ilibadili jina 1958, mwaka uliofuata ikabadili tena ikawa National and Grindlays.

#7 Barabara ya Saba

Watu wamelala na makabrasha ya benki hapa. Wake zenu wanajua?

#8 Bi Kaunta

Wadogo zangu hamjambo. Nimestaafu ukarani wa benki, nimeanzia Tanga mwishoni mwa miaka ya 70. Nataka kusema jambo kuhusu hayo majengo kwa ndani, maana naona mnazungumza habari ya nje tu.

Jengo tulilofanyia kazi lilikuwa limejengwa kuwa benki. Kaunta ya mti mgumu mweusi, ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, imelainika pale mteja anapoegemea. Nyuma chumba cha hazina, kuta zake nene kiasi kwamba ukiwa ndani husikii honi ya barabarani. Mlango wake ni chuma tupu na haufunguki kwa mtu mmoja. Funguo mbili, watu wawili, kila mmoja anageuza wake. Meneja akiugua malaria, mwenye ufunguo wa akiba anafuatwa kwake na gari. Mteja akileta hundi anapewa tokeni yenye namba, anakaa kwenye benchi, sisi nyuma tunachomoa kadi yake ya leja na kadi ya saini, tunalinganisha, tunaandika kwa mkono, ndipo mlipaji anaita namba. Mwisho wa mwezi benchi halikutosha, watu walikaa barazani mpaka kwenye ngazi.

Sasa kuhusu hoja ya #1. Baada ya kutaifisha, benki za Waingereza zilizokuwa zikitazamana barabarani zote zikawa NBC, benki ya serikali. Ukiwa na matawi mawili matatu ya benki moja hatua chache kutoka moja hadi nyingine, unafanya nini? Unabakiza moja au mawili, mengine yanageuka ofisi, stoo, makazi. Hiyo nimeiona kwa macho. Mji ulikuwa na milango mingi ya benki, ikapungua. Lakini wateja wa vijijini waliongezeka sana, hilo nalo mliseme. Mkulima wa Handeni hakuwa anaingia benki ya Mwingereza.

#9 KijanaWaChuda

Asante sana mama, shikamoo. Hilo la matawi kutazamana sijawahi kulisikia.

#10 Mwana wa Usambara Street

Nawasalimu kutoka Leicester. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Karimjee kabla haijaitwa Usagara, Kiswahili changu kimechakaa kidogo, nivumilieni.

Nyote mnazungumzia 1967. Kwetu sisi tuliokuwa tunaishi juu ya maduka, mwaka ni 1971. Mwezi wa nne ikapita sheria ya kutwaa majengo. Nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na imepangishwa, inakuwa ya serikali. Ikiwa imepita miaka kumi tangu ijengwe, hakuna fidia. Ikiwa changa, unalipwa kwa hesabu ya miaka iliyobaki. Sasa nyumba za Market Street na Usambara Street, ngapi zilikuwa hazijatimiza miaka kumi? Nyingi zilijengwa bei ya mkonge ilipopanda wakati wa vita vya Korea, mwaka 1951 hivi.

Yetu ilikuwa ya ghorofa moja: duka chini, sisi juu, vyumba vya nyuma tumepangisha. Baba alikuwa anaweka kodi ya wapangaji pembeni ili apake rangi kila baada ya mvua za masika. Baada ya hapo tukawa wapangaji wa Msajili wa Majumba, yaani serikali, ndani ya nyumba aliyoijenga yeye. Hakupaka rangi tena. Ungepaka wewe?

Tukaondoka miaka michache baadaye. Jirani mmoja Toronto, mwingine hapahapa Leicester, mwingine Dar. Ukitaka kujua kwa nini rangi imebabuka, jibu langu ni hilo.

#11 MwanaMkonge

#10 Pole sana ndugu. Ila na wewe kubali, pesa ya kujenga hizo nyumba ilitoka mkongeni, umeisema mwenyewe hapo juu.

#12 Mwana wa Usambara Street

Imetoka mkongeni, sikatai. Ila mkonge haukuchukua hati ya nyumba.

#13 Mdigo Mpole

Mimi nitasema lisilopendwa. Katikati ya mji huo mnaoulilia haukuwa wetu. Mpango wa mji wa Mjerumani na Mwingereza ulikuwa wazi: Mzungu Raskazone na Bombo kwenye upepo, Mhindi Market Street, Mwafrika Ngamiani ng'ambo ya reli kwenye barabara za namba. Bibi yangu Barabara ya Kumi alikuwa akisema "nakwenda mjini" anapovuka reli, wakati Ngamiani ndiko waliko watu. Msajili wa Majumba ndiye aliyefanya mtoto wa Ngamiani alale Independence Avenue kwa kodi anayoiweza. Nyie mnaita kukwama, wengine tuliita kuingia.

#14 Barabara ya Saba

#13 leo umeamka na upole wako mfukoni.

#15 Mwana wa Usambara Street

#13 Kuhusu mipaka ya mkoloni uko sahihi, nimeiishi. Shule zetu zilikuwa mbalimbali, hata hospitali. Lakini kuna tofauti ya kumwingiza mtu nyumbani na kuacha bati livuje miaka ishirini.

#16 Fundi Chokaa

Mabati kuvuja ndiyo riziki yangu, niache nichangie.

Nimekarabati nyumba kadhaa za mjini hapa. Zile za zamani kabisa ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini, unatoka nje, chumvi inabaki usoni, unakwangua, unapaka chokaa upya, maisha yanaendelea. Wanachofanya wapangaji na mafundi wa siku hizi ni kupiga lipu ya saruji ya kiwanda cha Pongwe juu ya ukuta wa chokaa, halafu rangi ya mafuta. Inapendeza mwaka wa kwanza. Baadaye unyevu hauna pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi. Siku moja kipande cha ukubwa wa mlango kinashuka chenyewe. Ukikishika kwa nyuma kina unga mweupe, ulambe, ni chumvi tupu.

Kwa hiyo ninyi mnabishana 1967 na 1971, mimi naona nyumba nyingi zimeuawa na ukarabati. Zile ambazo hazikuguswa ziko imara zaidi ya zilizotengenezwa.

Na mnaotaka kujua jengo gani lilikuwa benki: msitazame kibao cha mtaa. Zunguka nyuma. Tafuta chumba cha chini kisicho na dirisha, ukuta wake mnene kuliko mwingine. Mimi nimekuta kimoja leo kinauza vipuri vya baiskeli, mwenye duka anashangaa kwa nini hawezi kutoboa ukuta aweke feni.

#17 KijanaWaChuda

#16 Mtaa gani huo mkuu?

#18 Fundi Chokaa

Nikisema kesho mtajaa dukani kwa watu na makamera. Karibu na soko, inatosha.

#19 Bi Kaunta

Kama ni ninalolifikiria, wazee niliowakuta kazini waliliita Barclays.

#20 MwanaMkonge

Babu yangu alikuwa akiita jengo la karibu na soko Grindlays. Au ni jingine?

#21 Msomi wa Raskazone

Yanaweza kuwa majengo mawili, na yanaweza kuwa jengo moja lililobadili mikono. Kumbukeni Barclays ya makoloni (DCO) yenyewe ilizaliwa 1925 kwa kuunganisha benki tatu, na mojawapo ilikuwa National Bank of South Africa. Kwa hiyo mzee wa 1920 na mzee wa 1960 wanaweza kusimama mbele ya mlango mmoja wakautaja kwa majina mawili tofauti na wote wakawa wakweli. Na siku hizi imekuwa hivyohivyo: ile Barclays iliyorudi nchini mwaka 2000 imebadilishwa jina kuwa Absa mwaka 2020, na Absa hiyohiyo ndiyo yenye hisa nyingi NBC, ambayo ndiyo iliyorithi Barclays ya kwanza. Nyoka amemeza mkia.

#22 Barabara ya Saba

Yaani Barclays ilinyang'anywa, ikarudi, ikakuta wamiliki wake ndio wanamiliki waliomnyang'anya? Hii ni tamthilia ya Kifilipino.

#23 Msomi wa Raskazone

Karibu hivyo. NBC ya zamani ilivunjwa 1997 ikatoa NBC mpya na NMB. Mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 55 ya NBC. Barclays ya Uingereza ikaja kuinunua Absa baadaye, halafu ikajitoa tena. Mwenye jengo la Bank Street akiulizwa baba yake nani, inabidi aombe muda.

#24 Chalinze Junction

Wote mmeacha reli na bandari, nashangaa. Tanga ilikuwa kichwa cha reli. Ujenzi ulianza hapa 1893, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Hiyo 1911 ndiyo mwaka uleule wa benki ya kwenye #1, mnaona? Mtu aliona reli inafika Kilimanjaro akasema pesa yote ya kaskazini itashukia Tanga, akafungua benki.

Halafu Waingereza wakati wa vita vya kwanza wakaunganisha kwa reli Voi ya Kenya na Kahe, karibu na Moshi. Kahawa ya Moshi ikapata njia ya kwenda Mombasa. Mwaka 1963 ikajengwa reli ya Mnyusi hadi Ruvu, sasa mzigo wa kaskazini ukaweza kwenda hadi Dar. Tanga ikachomolewa pande zote mbili. Na bandari yetu maji mafupi, meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari. Msafirishaji gani atalipa mara mbili?

Benki inakaa mahali hati za mizigo zinapopita. Hati zikihama, benki inabakiza tawi.

#25 Mvita Mkongwe

Jameni, mimi wa Mombasa napita tu kuwashukuru kwa kahawa ya Moshi. Ilitufaa.

#26 Mdigo Mpole

#25 Wadigo ni haohao huku na huko, tutadai kwa binamu zetu wa Kwale.

#27 MwanaMkonge

#24 Hoja yako ya Voi ina tundu. Reli ile ilikuwepo miaka ya 20 na 30 na 40. Mbona mji ulijengwa miaka ya 50? Ungekuwa umekufa kwa Voi, hayo maghorofa ya "rangi kubabuka" yasingekuwepo kabisa. Maktaba ya King George VI ni ya miaka ya 50. Majestic ilikuwa inajaa. Watu hawajengi sinema kwenye mji uliochomolewa.

#28 Chalinze Junction

Mkonge uliifunika hasara ya Voi kwa muda. Mkonge ulipoondoka, hasara ikaonekana.

#29 Mama Wawili Makorora

Naomba kuuliza na mimi, msinicheke. Mbona mnaongea kana kwamba baada ya mkonge hapakuwa na kitu? Mimi nimekua miaka ya 80, Tanga ilikuwa mji wa viwanda. Mbolea, chuma, sabuni. Foma, sabuni ya unga, ilifulia nchi nzima ikitoka hapa. Baba yangu alikuwa kiwanda cha mbolea mpaka kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 90. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu kiwandani. Akaunti ya benki ya baba ilifunguliwa na kiwanda, na ilipofungwa kazi ikafungwa na akaunti. Kwa hiyo kwangu mimi mji ulilala miaka ya 90, si 67 wala 71.

#30 Bi Kaunta

#29 Kweli kabisa, na sikucheki. Miaka ya 80 foleni ya mishahara ya viwandani ilikuwa inazidi ya mashamba. Na miaka ya 90 ndiyo tuliona maajabu. THB, benki ya nyumba, ikafungwa 1995. Meridien BIAO ilikuja nchini kwa vishindo, na mwaka huohuo wa 1995 ikaanguka, Stanbic wakaichukua. Watu wa hapa wenye akiba walijifunza kuogopa benki zote, kubwa na ndogo. Nina jamaa aliyetoa kila kitu akanunua viwanja Pongwe. Tulimwona mwehu. Sasa hivi ndiye anayetukopesha.

#31 Barabara ya Saba

Mwehu wa Pongwe naomba namba yake mama.

#32 KijanaWaChuda

Haya, nimewasikia. Tuna mkonge, 1967, 1971, Voi, Mnyusi, viwanda, chumvi ukutani. Swali langu bado: Mwanza nayo ilitaifishiwa benki na nyumba. Arusha nayo ina nyumba za NHC, shirika la nyumba la taifa. Mbona wao wametoka?

#33 Msomi wa Raskazone

Mwanza ina samaki na dhahabu, Arusha ina watalii na mikutano. Benki Kuu yenyewe imefungua matawi Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara, Dodoma na Zanzibar. Tanga haipo kwenye orodha. Hilo linaeleza mengi kuhusu pesa ya nchi inakozungukia.

#34 Mdigo Mpole

Au linaeleza kwamba sisi hatupendi kelele. Mtu wa Tanga akipata hela anaoa, anajenga nyumba ya uani, anakunywa chai. Ghorofa la nini?

#35 Mama Wawili Makorora

#34 Usitusemee. Hatujengi kwa sababu kiwanja cha mjini ni cha NHC, na ukiwa mpangaji huwezi kuweka hati isiyo yako benki. Msajili wa Majumba aliunganishwa NHC 1990, nyumba zikahamia huko zilivyo. Nimepanga frem mjini. Ningekuwa na hati ningeshapandisha ghorofa zamani.

#36 Mwana wa Usambara Street

#35 Dada, umesema kwa sentensi moja nilichojaribu kukisema kwa aya tatu.

#37 MlinziWaUrithi

Samahani kwa kuchelewa. Kabla hamjashangilia kupandisha ghorofa, mjue kwamba sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichotengenezwa kabla ya 1863. Majengo ya Mjerumani na ya Mwingereza yote ni ya baada ya hapo. Lazima litangazwe moja moja, vinginevyo mwenye nalo analibomoa kihalali. Boma la zamani limepata bahati, limekuwa makumbusho ya Urithi Tanga. Maduka ya Market Street yenye mwaka umechongwa juu ya mlango hayana mlinzi. Kukwama mnakokusema ndiko kulikoyaokoa. Dar nendeni mkaone Mtaa wa Samora ulivyobaki.

#38 KijanaWaChuda

#37 Kwa hiyo tushukuru umaskini?

#39 MlinziWaUrithi

Sijasema tushukuru. Nasema ikija pesa bila sheria, uzi huu utasomwa kwenye picha tu. Na pesa inakuja. Bandari imechimbwa, kina kimetoka mita 3 kwenda 13, meli inafunga gatini, habari ya matishari aliyoisema #24 imeanza kuwa historia. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Mamlaka ya maji ya Tanga imeuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, ikaorodheshwa soko la hisa.

#40 Fundi Chokaa

Juzijuzi nimeitwa kukagua nyumba ya zamani, mnunuzi anauliza swali moja tu: msingi unabeba ghorofa ngapi? Nikamwambia huu ni msingi wa mawe na chokaa, unabeba ulichonacho. Akasema basi tutang'oa.

#41 Mwana wa Usambara Street

Ni mtaa gani?

#42 Fundi Chokaa

Si wako, mzee. Wa kwako bado una watu, juu wameanika nguo.

#43 Chalinze Junction

Turudi kwenye bandari. Mita 13 ni nzuri, lakini reli ya Tanga hadi Moshi na Arusha ikiendelea kusuasua mzigo utaondoka kwa malori, na malori yanakula Segera, yanalala Segera. Nawaambia benki itafunguliwa Segera kabla ya Bank Street.

#44 Bi Kaunta

#43 Kwa simu za siku hizi hata Segera hawaihitaji. Wakala mmoja mwenye kibanda na mwavuli anatoa pesa nyingi kwa siku kuliko kaunta yangu ya 1980. Wajukuu zangu hawajawahi kuingia benki wala hawana mpango huo.

#45 MwanaMkonge

Mkonge unafufuliwa, mnajua? Wakulima wadogo Korogwe wanalima wenyewe sasa na wanalipwa kupitia benki.

#46 KijanaWaChuda

#45 Benki yenye makao makuu wapi?

#47 MwanaMkonge

Tumalizane na 1964 kwanza. Bado hujanijibu kwa nini bei ilianza kuanguka miaka mitatu kabla ya Azimio lako.